Zahabu inasafiri, sisi tunarudishwa kwenye mupaka



Leo hatutasema juu ya bei ya gramu wala juu ya ushuru wa barieri. Tunataka kuzungumuza juu ya safari. Wengine watacheka: muchimbaji na safari ya inchi ya kigeni, wapi na wapi? Mungoje kidogo. Kuko deni lenye sisi wa sendika tunapaswa kuwalipa, na hilo deni ni maelezo.

Munakumbuka, mwaka uliopita tulichanga feza. Kila mutu alitoa kadiri ya nguvu yake. Kuko wenye walitoa franka elfu mbili, kuko wenye walitoa elfu tano, na timu moja ya shimo ilitoa mapato ya siku muzima. Kusudi lilikuwa kutuma wajumbe wane mpaka Geita, Tanzania, waone kwa macho yao namna wachimbaji wadogo wa kule wanauzisha zahabu yao. Wajumbe walitoka Bunia mu mwezi wa kumi. Geita hawakufika. Hata Kampala hawakufika. Walirudishwa kwenye mupaka, wakatufikia tena hapa na matope mpaka kwenye magoti na mifuko mitupu.

Kisha pale maneno yakaanza: «Feza yetu imekuliwa.» Hapana, hakuna mutu wa sendika mwenye aliikula. Ilikuliwa na kukosa kujipanga. Lakini kwa mama mwenye alitoa elfu mbili yake, tofauti ni nini? Feza imeenda. Kwa hiyo tunaomba masamaha mbele ya wote, na tunaeleza hapa wapi tulikosa, kwa sababu tunataka kufanya safari ya pili, na haitakuwa sawa na ya kwanza. Tena haya maelezo si ya wajumbe tu. Wengi wenu munapeleka mugonjwa Kampala, ao mutoto kusoma, ao munaenda kununua pompe na vipande vya mashini. Makosa yetu yanaweza kuwasaidia.

Juu ya nini kwenda mbali vile

Zahabu ya Ituri ilijulikana kwa Wazungu mu 1903, kwenye muto Agola, upande wa Kilo. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mu 1926. Babu zetu walichimba, baba zetu walichimba, na sisi tunachimba. Lakini ukiuliza muchimbaji wa Mongbwalu ao wa Nizi: zahabu yako ikishatoka mu mukono ya négociant, inauzishwa wapi, na kwa bei gani? Atakuonyesha paka upande wenye jua linatokea. Anajua kama inaenda kule. Zaidi ya pale hajui kitu.

Wataalamu wa ONU wanaandika mara na mara mu ripoti zao kama zahabu ya Ituri inapita magendo mpaka Uganda. Ile zahabu haina pasipoti. Haichomwe sindano ya homa ya manjano. Hakuna mwenye anaiuliza viza. Inapita mu mufuko ya mutu, kimya. Sisi wenye tuliitoa chini ya udongo tukifika kwenye uleule mupaka, tunaulizwa karatasi moja kisha ingine, na tunarudishwa nyumbani.

Geita tuliichagua kwa sababu mu mwezi wa tatu 2019 serikali ya Tanzania ilifungua kule soko la zahabu. Muchimbaji mudogo analeta mali yake mahali pamoja, inapimwa mbele yake, serikali inakata haki yake palepale, na yeye anaondoka na karatasi yenye kuonyesha aliuzisha ngapi. Mwaka uleule waliondolea wachimbaji wadogo TVA ya 18% na kodi ingine ya 5%, ili wasikuwe na sababu ya kujificha. Hatusemi kule ni paradiso. Kule pia kuko wenye wanapitisha magendo, na kule pia udongo unaangukia watu. Lakini tunataka kuuliza wenzetu maswali yenye muchimbaji tu njo anaweza kuuliza. Nani anaangalia mizani? Bei ya siku inaandikwa wapi? Mama mwenye alisafisha muchanga anapata kiasi gani? Hayo mambo mukubwa wa ofisi hatatuletea.

Na tuseme wazi: hatuendi kule kutafuta shimo. Leseni ndogo ya kuchimba mu Tanzania ni ya Watanzania tu. Mutu mwenye anafikiri atajiunga na wajumbe halafu abakie kule kuchimba, afute jina lake leo.

Kosa la kwanza: mwezi wenyewe

Tulitoka mu mwezi wa kumi. Nani kati yetu hajui mwezi wa kumi mu Ituri? Sisi wenye tunatazama mawingu kila asubui mbele ya kushuka mu shimo, tulisahau kuyatazama siku ya safari. Kwetu mvua inashika tangu mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja, na miezi yake ya mwisho iko na nguvu sana. Ukavu wa kweli unaanza mu mwezi wa kumi na mbili na unaishia mu mwezi wa pili.

Barabara ya Mahagi ni ya udongo. Mvua ikinyesha siku mbili, kamyo moja inazama, na zingine zote zinasimama nyuma yake. Wajumbe wetu walilala usiku mbili mu gari. Chakula chenye kilipangwa kwa Kampala kilikuliwa Djugu. Tena mu hii provense yetu kuchelewa si uchovu tu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko mu état de siège, na kila mutu anajua kuko mahali pa kupita asubui, si mangaribi. Gari yenye inachelewa kwa matope inakufikisha mahali pabaya kwa saa mbaya. Kwa hiyo mwezi wa safari si jambo la kuchagua vile tu. Ni jambo la uzima.

Kuko wenye walituambia: «Mungepita kwenye ziwa, Kasenyi ao Tchomia, muvuke.» Ndiyo, ile njia ni fupi. Lakini Ziwa Albert iko na upepo wake. Tarehe 22 Machi 2014 boti yenye ilijaa wakimbizi wa Congo wenye walikuwa wanarudi kutoka Uganda ilizama, na zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao watoto. Ukilazimishwa kupita kwenye maji, pita asubui, vaa jile, na ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka. Aibu ya kushuka inapita. Tena usiende siku yenye wavuvi wenyewe wamekatala kwenda.

Upande wa Kampala mvua inanyesha mara mbili kwa mwaka: tangu mwezi wa tatu mpaka wa tano, kisha tangu mwezi wa kenda mpaka wa kumi na moja. Geita masika yake ni miezi ileile ya tatu mpaka ya tano. Ukiweka hayo yote pamoja, unaona kama kwa mutu wa Bunia nafasi muzuri ni mwezi wa kwanza mpaka katikati ya mwezi wa pili. Barabara yetu imekauka, na masika ya kule haijaanza.

Lakini hapa kuko shida yenye mutu wa ofisi hawezi kuona. Mwezi wa kwanza ni wakati wenye maji yanashuka mu mashimo. Ni wakati wa kazi. Mjumbe mwenye anaondoka ule mwezi anaacha mapato yake, na bibi yake na watoto watakula nini? Mwaka uliopita tulichagua mwezi wa kumi juu ya ile tu: kazi ilikuwa ndogo, mashimo yalikuwa yamejaa maji, watu walikuwa na nafasi. Tuliona ni akili. Kumbe tulihifazi mapato ya watu wane na tukapoteza feza ya wote. Safari hii timu za mashimo zikubali mbele ya wote kama sehemu ya mjumbe itawekwa na itapewa bibi yake sawa vile angekuwa hapo. Kama timu haikubali, mjumbe asiende.

Kosa la pili: karatasi

Hapa tunasema na haya. Wajumbe wetu walikuwa na karte ya uchaguzi, karte ya muchimbaji, na karatasi moja yenye kugongwa muhuri yenye tuliuziwa na komisioneri mumoja mwenye alisema anajua watu. Alisema ile karatasi inafungua mpaka Dar es Salaam. Kwenye mupaka walimuangalia mjumbe wa kwanza, wakaangalia karatasi, wakacheka. Tulilipa bei kubwa kwa kichekesho.

Kwa hiyo mujue. Karte ya uchaguzi inakujulisha hapa kwetu tu. Karte ya muchimbaji, yenye code minier ya 2002 na marekebisho ya 2018 inataka uwe nayo, inakuruhusu kuchimba, haikuruhusu kuvuka. CEPGL yenye wandugu wa Goma na Bukavu wanasema kila siku ni ya Congo, Rwanda na Burundi. Uganda na Tanzania haziko ndani. Na zile karatasi ndogo za watu wa mupakani zinakusaidia kwenda soko la ng'ambo na kurudi, hazikufikishe Kampala, Geita ni mbali zaidi.

Wengi walituambia: «Lakini viza zimeondolewa!» Ni kweli. Congo ilitia sahihi ya kuingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Mu 2023 Kenya iliondolea Wacongo viza kuanzia tarehe 1 Septemba, na makubaliano ya namna ile yalifanywa na Tanzania na Uganda. Ni jambo muzuri sana. Lakini tulichanganya mambo mbili. Kuondoa viza ni kusema hautalipa wala kuomba ruhusa mbele ya kuingia. Si kusema utaingia bila pasipoti. Na si ruhusa ya kufanya kazi. Ukiingia sawa mugeni mwenye anatembea halafu ukaanza kuchimba ao kufungua biashara, umevunja sheria ya ile inchi na utafukuzwa. Tena kanuni za mipaka zinabadilika. Wiki mbili mbele ya kuondoka, uliza kwa ubalozi ama kwa DGM, usiulize paka kwa dereva.

Basi pasipoti ni lazima. Bei yake ilikuwa dolare 185, ikashushwa mpaka 99 mu 2020, na ile mupya ya 2025 ilitangazwa kwa 75. Kwa muchimbaji bado ni feza mingi. Lakini tulihesabu: kile tulimupa komisioneri, pamoja na vile viloko-viloko vya njiani, kingelipa pasipoti mbili. Na pasipoti haitoke kwa siku tatu. Mwenye anataka kusafiri mwezi wa kwanza aanze sasa. Aangalie pia jina lake: kama karte inaandika hivi na cheti cha kuzaliwa vile, atarudishwa mbele hata ya mupaka.

Kisha kuko karte ya manjano, ile ya sindano ya homa ya manjano. Sindano inaanza kukubaliwa siku kumi kisha kuichomwa. Mutu mwenye anaichomwa leo na kusafiri kesho hajafanya kitu. Lakini kuko habari njema: tangu Julai 2016 ile sindano ni ya maisha yote. Karte ya zamani yenye inaandika miaka kumi ingali ya kweli. Mutu akikuambia imekufa, ulipe tena, mwambie kwa heshima kama sheria ya afya ya dunia yote ilibadilishwa. Na usisafiri na homa. Tangu Ebola ilitupiga, 2018 mpaka 2020, watu wa afya kwenye mipaka wanapima joto la mwili, na wako na haki. Malaria yako itakufungia njia.

Kosa la tatu: feza na zahabu mu mufuko

Feza yote ilikuwa kwa mutu mumoja, na hakuna hesabu yenye iliandikwa. Kufika Mahagi hakuna mwenye alijua inabakia ngapi. Noti zingine za dolare zilikuwa za zamani ao zimepasuka kidogo, na kwenye kubadilisha feza walizikatala, zingine wakazipokea kwa bei ya chini. Mbele ya kutoka, kila noti itazamwe kwenye mwangaza, sawa vile munatazama zahabu kama iko na uchafu.

Na kuko jambo moja tunataka kila bibi amuambie bwana wake leo usiku. Mumoja wa wajumbe alikuwa na gramu tatu mu soksi, «kwa akiba». Tulijua paka wakati alirudi. Wandugu, sheria yetu inaruhusu muchimbaji kuuzishia négociant ao comptoir yenye kuruhusiwa. Haimuruhusu kuvusha hata gramu moja. Wakubwa wa magendo wanapita na kilo. Wewe mwenye gramu tatu njo utalala mu gereza, na jina la sendika yote litaandikwa pale pamoja na jina lako. Uza hapa, beba feza, beba risiti.

Mambo madogo pia yanatusaidia. Saa ya Kampala na ya Geita iko mbele ya saa yetu kwa saa moja. Ukisahau, basi inakuacha. Magari kule yanapita upande wa kushoto. Mbele ya kuvuka barabara, tazama kuume kwanza. Kutoka Kampala utapita Masaka, uvuke Mutukula, kisha Bukoba, halafu Geita. Kiswahili chetu watakisikia, hata kama watacheka kidogo. Nasi tutacheka chao.

Sasa tunasema nini

Tunajua kuko wenye watasema: «Amani kwanza. Watu wako mu kambi za wakimbizi, ninyi munasema safari.» Hilo neno ni zito na hatulizarau. Wandugu wetu wengi wako chini ya mahema mpaka leo. Lakini zahabu yenye haijulikane inaenda wapi njo inanunua risasi zenye zinawafukuza kwao. Kujua njia yake na kujifunza kuiuzisha mu mwangaza, hiyo pia ni kazi ya amani.

Kwa hiyo tunaleta haya mbele yenu. Wajumbe watakuwa wane, na wawili wao wamama wenye wanasafisha muchanga, kwa sababu safari ya kwanza tulituma wanaume tu, na hilo nalo lilikuwa kosa. Wenye hawana pasipoti na karte ya manjano mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili hawaende, hata kama ni viongozi. Hesabu ya safari itaandikwa kwenye ubao wa sendika: gari, kulala, kula, akiba ya mugonjwa. Feza itabebwa na watu wawili. Hakuna komisioneri. Na wajumbe wakirudi, mbele ya kupumuzika, watasimama mbele ya mukutano na kusema waliona nini na walitumia ngapi.

Kwa wakubwa wa serikali tunaomba jambo moja lenye halitaki feza mingi. Kwenye kila mupaka wa Ituri, muandike kwenye ukuta, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, karatasi zenye zinatakiwa na bei ya kila moja. Mahali bei imeandikwa, mwenye anadanganya watu anakosa kazi.

Mukutano ni Siku ya Posho kisha kazi, palepale tunakutanaka. Mwenye anakatala hii safari akuje aseme mbele ya wote, tutamusikiliza. Na mama mwenye alitoa elfu mbili yake akuje aketi mbele. Njo yeye wa kwanza mwenye atauliza maswali.